Boza Lililozungushwa

Jumanne, 5 Septemba

Ifahamike kwa walio hai na kwa watakaozaliwa: leo, saa nne kamili asubuhi, kikosi cha polisi wa zimamoto wa Kettle Gap kimepokea koni mpya kumi na mbili za kufungia barabara. Rangi ya chungwa. Mikanda miwili ya kung'aa kila moja. Hakuna hata moja iliyokwisha kugongwa.

Elwood, kapteni wetu, alizipanga mstari nyuma ya kituo, akarudi nyuma hatua kumi, akazitazama kama mtu anayewatazama wajukuu wakipigwa picha. Akaniuliza maoni yangu. Nikasema zimesimama vizuri.

"Eeh," akasema. "Zimesimama."

Kikosi kizima kilihudhuria. Yaani mimi na yeye. Tulikuwa saba, wanne wamefariki, na Merle amehamia Florida kwa binti yake, ambako nasikia anaongoza magari kwenye maegesho ya kanisa bila kuombwa na mtu.

Vijana wa kituo wanazima moto. Sisi tunafunga barabara ili wapate nafasi ya kuuzima, na ili watu wasije kuutazama. Hatukamati mtu. Hatuna bastola. Hatuandiki faini. Tuna kiapo, beji, kibao cha SIMAMA, na sauti ya Elwood. Sauti ya Elwood ndiyo inayofanya kazi kubwa.

Ijumaa, 8 Septemba

Mpira shuleni. Sisi kwenye njia panda, kama kawaida. Mwanamke mmoja kwenye gari jeupe akashusha kioo.

"Wewe ni polisi kweli?"

"Wa zimamoto, mama."

"Kwani kuna moto?"

"Hapana. Kuna mpira."

Akasema atanishtaki kwa polisi wa kweli. Nikamwelekeza alipo. Alikuwa kwenye kibanda cha soseji, wa tatu kwenye foleni.

Nyumbani mke wangu Fern aliniuliza kwa nini nasimama saa tatu nzima nitukanwe, wakati hapa naweza kutukanwa nimekaa. Nikala mchuzi wa kuku na tambi.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimeoga mara mbili na bado nanuka moshi. Naandika polepole. Lazima niandike mahali.

Peja, kidude cha kutuita motoni, ililia saa nane na dakika kumi mchana. Banda la Ammon Zimmerman, barabara ya juu. Nyasi za mkato wa tatu, ziliingizwa ndani zikiwa na unyevu, zikajipika zenyewe mpaka zikawaka. Kila mkulima hapa anajua jambo hilo, na kila mwaka kuna mmoja anayeamini kuwa zake zimekauka.

Elwood akagawa kazi redioni. Yeye kona ya Kanisa. Mimi kona ya Kinu. Makao makuu wakaandika. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Nikafika Kinu. Nyonga yangu ya kushoto ikaanza maneno yake. Pale Kinu hakuna hata jiwe la kukalia. Elwood alipopita na pikapu kunigawia koni akaniona nilivyosimama.

"Nyonga?"

"Nyonga."

"Nenda Kanisani basi. Kule kuna ukuta, utaegemea. Mimi nitabaki hapa."

Tukabadilishana. Redioni hatukusema. Unatakiwa kusema. Hatukusema.

Saa nane na dakika thelathini na tano nilikuwa nimeegemea ukuta, barabara imefungwa, koni mpya zimepangwa, roho yangu imetulia. Likaja boza la maziwa. Chuma kitupu kinachong'aa, halina jina, halina taa yoyote inayowaka. Dereva mnene mwenye kofia ya wauza mbegu akatoa kichwa.

"Nifungulie, mzee! Naenda kwenye moto!"

"Kila mtu leo anaenda kwenye moto," nikamwambia.

"Nina galoni elfu tano humu!"

"Hazitachacha kwa maili tisa. Zunguka kwa barabara ya Hickory."

"Mzee, ni maji haya! Maji!"

Sasa. Mimi nimeendesha boza la maziwa miaka thelathini na moja. Katika miaka hiyo nimewaambia polisi wa wilaya tatu kwamba nimebeba dawa, kwamba nimebeba damu ya hospitali, na mara moja kwamba Fern yuko nyuma anajifungua. Fern hajawahi kupanda lile gari. Kwa hiyo ninamjua dereva wa maziwa na ninajua anavyosema. Nikainua kibao. Nikanyoosha kidole kuelekea Hickory. Akasema neno ambalo sitaliandika, ingawa hapa hakuna msomaji. Akageuza, akaenda.

Nikaona nimefanya kazi nzuri. Niliona hivyo kwa dakika nne nzima.

Halafu redioni, sauti ya chifu wa zimamoto, Janelle, imetulia kuliko inavyopaswa: boza la kituo cha Dry Valley liko wapi? Akauliza tena. Lile jipya, la chuma, walilonunua kwa wauza maziwa wiki iliyopita, bado halijapakwa rangi — kuna mtu ameliona?

Huku kwetu hakuna mabomba ya zimamoto barabarani. Maji huja na maboza, moja baada ya jingine, kutoka vituo vya jirani. Likikosekana moja, mpira wa kuzimia moto unaishiwa maji.

Nikatazama barabara ya Hickory. Vumbi lilikuwa limeshatua. Nikakumbuka daraja la kule chini haliruhusu gari zito. Angefika pale, asimame, arudi nyuma taratibu mpaka apate pa kugeuzia.

Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe cha redio. Kikabaki pale pale.

Dakika kumi na moja hawakuwa na maji. Banda lilikuwa limeshakwisha, hilo halikuwa na wa kuliokoa. Lakini pembeni yake ipo — ilikuwepo — karakana ya Ammon, anakoshonea hatamu na matandiko ya farasi. Walikuwa wanaimwagia maji isishike. Ikashika.

Ng'ombe wote wametoka. Watu wote wazima. Namshukuru Mungu kwa hilo na sina uso wa kumwomba lingine.

Ijumaa, 15 Septemba

Kituoni asubuhi. Karatasi ya jana imebandikwa ukutani. Kona ya Kanisa: Kapteni Ruhl, yaani Elwood. Kona ya Kinu: Deibert, yaani mimi.

Elwood aliingia. Duane, anayeendesha gari la kwanza la zimamoto, hakungoja hata avue kofia.

"Kapteni! Yale maji yameshafika, au bado yanatalii?"

Wote wakacheka. Mwingine akasema Elwood alikuwa anangoja biskuti za kuchovya kwenye yale maziwa. Elwood akacheka nao. Akamimina kahawa. Akaniuliza kama nataka.

Nilikuwa na donati mkononi. Niliimaliza yote.

Jumatatu, 18 Septemba

Tulikwenda kukusanya vibao vya barabara vilivyosahaulika. Elwood anaendesha. Nikaanza: "Elwood, kuhusu Alhamisi—"

"Aliyeandikwa kwenye karatasi ndiye aliyekuwepo," akasema.

"Lakini hukuwepo."

"Lamar. Mimi ni kapteni. Kona zote ni zangu."

Akawasha redio, bei za mahindi. Akaongeza sauti.

Niandike ukweli, maana daftari ni langu: nilifarijika. Nilitazama mashamba nikaona jinsi yalivyo mazuri. Siku tatu nilikuwa siyaoni.

Ijumaa, 22 Septemba

Kwa kinyozi. Mtu mmoja kwenye kiti cha pili, sura yake siijui, alikuwa akisimulia kwamba kapteni wa polisi wa zimamoto amezeeka mpaka hawezi kutofautisha maji na maziwa. Kinyozi akanitazama kwenye kioo.

"Lamar, wewe unasemaje?"

Nikasema inategemea.

Inategemea nini? Nimejiuliza njia nzima kurudi nyumbani.

Jumamosi, 30 Septemba

Leo wamejenga upya kwa Ammon. Magari ya farasi zaidi ya sitini, maana watu wa kanisa la Ammon hawaendeshi magari, na mabasi mawili ya jamaa zao kutoka mbali. Sisi barabarani tangu alfajiri, mimi upande mmoja, yeye upande wa pili. Farasi ni wapole kuliko madereva. Farasi hakuulizi kama wewe ni polisi kweli.

Nyundo zilikuwa nyingi hadi huwezi kusikia moja moja. Ilipofika saa tano karakana ina kuta. Saa tisa alasiri banda lina mapaa.

Mchana Ammon mwenyewe akatuletea pai mbili, moja ya tufaha na moja ya asali ya miwa. Akasimama mbele ya Elwood. Mtu wa maneno machache, Ammon. Akiongea unajua ameyapanga tangu jana.

"Nimesikia ulikuwa na siku ngumu pale kona," akamwambia. "Nyumbani kwetu hatuna neno na wewe. Nilitaka ulisikie kwangu."

Elwood alikuwa ameshika pai kwa mikono miwili. "Asante, Ammon," akasema. Basi. Hayo tu.

Ammon akanigeukia. "Na wewe Lamar, asante kwa kuilinda ile ya Kinu."

Nikaitika kwa kichwa. Kichwa! Hata mdomo sikuufungua.

Nilikula vipande viwili. Sikustahili hata kimoja, lakini vilikuwa vimeshakatwa.

Jumanne, 3 Oktoba

Janelle aliniita ofisini. Ana miaka thelathini na sita, chifu tangu mwaka juzi. Nilimfundisha mimi kupanga koni alipoanza. Sasa ananiambia keti, nami naketi.

Akaniambia anahitaji vitu vya Elwood virudi. Beji, kofia, redio, taa ya buluu ya juu ya pikapu. Nataka uende wewe, akasema, ukienda wewe hatapandisha sauti. Na baada ya hapo ukapteni uuchukue wewe, kama unautaka.

Nikamwuliza: ni kwa sababu ya—

"Ni wakati wake, Lamar. Usinifanye niseme zaidi leo, wapo watu mlangoni wananingoja."

Akanipa mfuko wa turubai. Mtupu.

Nieleze hapa jinsi mambo yalivyo. Elwood aliapa mwaka 1979. Beji yake ni namba moja. Labda ipo nyingine ya namna hiyo mahali fulani hapa Pennsylvania, mimi sijaiona. Mkewe Dorothy alipofariki, miaka miwili sasa, aliacha kupika, anakula kituoni. Anaivaa beji kwenda kununua mkate. Peja imelala kwenye mto wa Dorothy, ameniambia mwenyewe, ili aisikie vizuri. Ukimwondolea vile vitu sijui asubuhi ataamka kwenda wapi.

Neno moja langu linamwacha mahali pake. Maneno matano: Elwood hakuwepo, mimi ndiye niliyekuwepo. Nimeyahesabu, ni matano kamili.

Halafu kuna hili. Kapteni Lamar Deibert. Nimeliandika nione linavyokaa kwenye karatasi.

Linakaa vizuri. Mungu anisamehe.

Jumatano, 4 Oktoba

Mvua. Sikwenda.

Alhamisi, 5 Oktoba

Mvua imekatika. Sikwenda.

Jumamosi, 7 Oktoba

Lori la bata mzinga limefunguka mlango wa nyuma kwenye barabara kuu, saa nne asubuhi. Bata mia mbili kwenye lami. Elwood akasimama katikati, akazuia magari kwa mkono mmoja na bata kwa mkono wa pili. Magari yalitii kwanza.

Dereva mmoja akapiga honi. Elwood akamwendea polepole, akainama dirishani.

"Bwana, hawa hawana leseni. Ukiwatisha sijui watakwenda upande gani."

Yule bwana akacheka, akazima injini. Wote nyuma yake wakazima. Barabara nzima kimya, bata tu wanaongea. Nimemwona Elwood akifanya kazi hii miaka kumi na tisa na sijamwona akiifanya vizuri kuliko leo.

Mfuko wa turubai ulikuwa chini ya kiti changu. Aliuona. Akasema mfuko mzuri huo. Nikasema ndiyo, imara.

Jumapili, 8 Oktoba

Nimemwambia Fern. Baada ya chakula, kabla hajaondoa sahani. Yote: ukuta, boza, kidole kwenye kitufe.

"Nilijua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Ule moto wa duka la magodoro, wewe ulinisimulia mara kumi na nne. Huu hujanisimulia hata mara moja."

Akaondoa sahani. Akaosha. Nikafikiri yamekwisha. Halafu kutoka jikoni, bila kugeuka: "Kesho unakwenda kwa Janelle. Shati la bluu nimelipiga pasi."

Alikuwa amelipiga pasi kabla sijamwambia. Nimelikuta mlangoni limetundikwa, limeshapoa.

Jumatatu, 9 Oktoba

Naandika ndani ya pikapu, daftari kwenye usukani. Nimeegesha mbele ya nyumba ya Elwood. Mfuko uko kando yangu.

Saa tatu nilikuwa kwa Janelle. Shati la bluu. Nilikataa kuketi. Nikasema yote nimesimama, kama shahidi, hata dakika za saa nilizitaja. Aliniacha nimalize.

"Dereva wa Dry Valley alinieleza jioni ile ile," akasema. "Mzee mrefu, masharubu meupe, ananyoosha kidole kama nabii. Elwood hana masharubu, Lamar."

Niliyashika masharubu yangu, sijui kwa nini.

"Siku ishirini na tano," akasema. "Nilikuwa nangoja uje."

"Mbona hukuniita?"

"Elwood aliniomba. Alisema ukitajwa mbele za watu utaacha kazi. Na ukiacha, amebaki peke yake, hakuna kikosi tena. Akasema wewe utakuja mwenyewe. Nikamwambia lini, akasema mpe muda, nyonga yake mbovu."

Hapo nikaketi.

Nikamwambia basi beji aichukue yangu. Yake aiache ilipo. Nilikuwa nimeshaifungua kifuani, pini imenichoma kidole. Nilijiona mtu mwema sana wakati ule. Nitalisema hilo: nilijiona mwema sana.

Janelle akafungua droo, akatoa barua. Ya watu wa bima. Aya tatu. Kuanzia tarehe mosi Oktoba, mtu wa kujitolea aliyefikisha miaka themanini hakatiwi tena bima, barabarani wala kituoni. Elwood alifikisha Agosti.

"Sina la kufanya," akasema. "Nimewapigia simu mara nne. Si boza, Lamar. Wala si wewe. Hata kama lile boza lingefika kwa wakati, hii barua ingekuja."

Wale bata mzinga wa Jumamosi aliwazuia bila bima. Nilimwambia Janelle hivyo. Akasema anajua, hakulala.

"Kwa nini hukuniambia Jumanne ile?"

"Nilitaka uniambie wewe kwanza," akasema. Akapangusa uso kwa kiganja. "Nenda, tafadhali. Kabla peja haijalia tena akatoka. Mwambie ni bima. Mwambie mimi nitakuja jioni na mume wangu na chakula." Akachomoa fomu moja kwenye faili, akanisukumia. "Na hii jaza ukiwa njiani, niipeleke kesho ukaapishwe. Bila kapteni hawaturuhusu kufunga barabara."

Kwa hiyo nipo hapa. Robo saa sasa. Nimekuwa nikipanga sentensi ya kwanza. Ni bima, Elwood. Hapana. Elwood, ninakuja na mambo mawili. Hapana. Samahani — hiyo kwanza, halafu bima. Au bima kwanza, amalizie hasira kwa watu wengine, halafu yangu.

Pazia la jikoni limesogea. Ameniona. Nadhani ameniona tangu nilipozima injini. Sasa ametoka barazani. Amevaa kofia. Beji kifuani. Amesimama pale, anangoja nishuke, ameinua vidole viwili: kahawa vikombe viwili. Haulizi kuhusu mfuko.

Ngoja kwanza nimalize fomu, iko wazi hapa juu ya daftari. Jina nimejaza. Anwani nimejaza. Cheo: Kapteni, kwa herufi kubwa, wameomba herufi kubwa. Mstari wa nne, tarehe ya kuzaliwa.

Natimiza themanini tarehe 14 Novemba.